Ubora wa Sauti katika Simu za Intaneti na Simu za Mezani: Ufafanuzi kwa Mfano wa Kwamsisi, Mkoani Tanga

IKISIRI

Makala haya yanafafanua tofauti za ubora wa sauti kati ya simu za mezani zinazopita katika nyaya za shaba na simu zinazopigwa kupitia intaneti. Mfano uliotumika ni Kwamsisi, jina la kata mbili za Mkoa wa Tanga: moja katika Wilaya ya Handeni na nyingine katika mji wa Korogwe. Hoja kuu ni kwamba mifumo hii miwili huharibu sauti kwa njia zinazopingana. Simu ya mezani hupunguza upana wa sauti lakini hulinda mfululizo wake. Simu ya intaneti huweza kupanua sauti lakini haitoi hakikisho kwamba kila kipande chake kitafika. Hoja hiyo inaoneshwa kwa jozi za maneno ya Kiswahili kama vile sita na tisa, ambazo kosa la kuzisikia linaweza kubadili bei, saa au kipimo cha dawa. Makala yanapendekeza kwamba ubora wa simu upimwe kwa maneno ya lugha ya watumiaji na kwa kuzingatia kiungo cha mwisho kinachomfikia mtumiaji.

1.0 Utangulizi

Mjadala kuhusu ubora wa simu za intaneti ukilinganishwa na simu za mezani umezoeleka kuanzia mahali ambapo kila nyumba ilikuwa na waya wa simu kabla ya intaneti kuja. Katika sehemu kubwa ya Tanzania hali haikuwa hiyo. Watu wengi wa vijijini walianza kutumia simu kwa kushika simu ya mkononi, na simu ya mezani waliijua kama chombo cha ofisini, posta au misheni. Kwa sababu hiyo, kulinganisha mifumo hii kunahitaji kwanza kueleza ni nini hasa kinacholinganishwa.

Kwamsisi inafaa kwa ufafanuzi huu kwa sababu jina moja linabeba mazingira mawili. Kwamsisi ya Korogwe imo katika mji uliofikiwa na reli ya kutoka Tanga mwanzoni mwa karne ya 20, na kwa kawaida nyaya za mawasiliano zilifuata reli. Kwamsisi ya Handeni ni kata ya vijijini ambako makazi yametawanyika na mashamba yametenganisha nyumba na nyumba. Mtu wa kata ya kwanza yumo katika eneo ambalo waya wa shaba ungeweza kumfikia bila gharama kubwa; mtu wa kata ya pili angehitaji kilomita nyingi za nguzo kwa ajili ya wateja wachache.

Historia ya huduma yenyewe inaeleweka kwa hatua chache. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, huduma za simu nchini zilichukuliwa na Shirika la Posta na Simu Tanzania. Shirika hilo liligawanywa kwa sheria za mwaka 1993, na Kampuni ya Simu Tanzania (TTCL) ikaanza kazi mwaka 1994, mwaka uleule ambao simu za mkononi zilianza nchini. Mwaka 2005 mfumo mpya wa leseni ulifungua soko bila kumfunga mtoa huduma kwenye teknolojia moja. Mwaka 2009 mkongo wa baharini wa SEACOM ulifika Dar es Salaam, na ujenzi wa Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano ukaanza. Kabla ya hapo intaneti ya nchi ilitegemea zaidi setilaiti, na tofauti hiyo, kama itakavyoelezwa, ina uzito mkubwa katika suala la sauti.

2.0 Simu ya Mezani Inavyobeba Sauti

Msingi wa simu ya mezani ni njia iliyotengwa. Mtu anapoinua mkono wa simu na kupiga namba, mitambo humfungulia njia ambayo ni yake na ya anayezungumza naye mpaka mmoja atakapokata. Hakuna mazungumzo mengine yanayoweza kuingia katika njia hiyo, hata kama mtandao mzima umeelemewa. Mtandao ukijaa, anayetaka kupiga simu mpya hukataliwa, aliyekwishaunganishwa haguswi.

Njia hiyo, hata hivyo, ni nyembamba. Kwa sababu za gharama, wahandisi waliamua tangu zamani kwamba simu ibebe sauti kati ya takribani Hz 300 na Hz 3,400 tu. Mitambo ya kidijitali ilipoingia, uamuzi huo ulibaki. Katika kiwango cha G.711 cha Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano (ITU), kilichopitishwa mwaka 1972, sauti huchukuliwa sampuli 8,000 kwa sekunde, kila sampuli ikiwa na biti 8, na hivyo mazungumzo hutumia kilobiti 64 kwa sekunde katika kila upande.

Simu ya mezani ina sifa nyingine mbili zinazohusu ubora. Kwanza, kuchelewa kwa sauti ni kudogo sana katika simu za ndani ya nchi, kiasi kwamba mzungumzaji hakuhisi. Pili, chombo chenyewe hupata umeme kutoka katika betri za kituo cha simu, kwa kawaida volti 48, kupitia waya uleule unaobeba sauti. Umeme ukikatika nyumbani, simu huendelea kufanya kazi.

Udhaifu wake uko katika waya. Viungo vya waya vinapoingia maji wakati wa masika, sauti huambatana na mivumo na mikwaruzo; waya unapokuwa mrefu kupita kiasi, sauti hufifia; na waya ukiibwa kwa ajili ya shaba yake, huduma hukoma kabisa. Ubora wa njia iliyotengwa, kwa hiyo, ulikuwa ubora wa aliye karibu na kituo cha simu.

3.0 Simu ya Intaneti Inavyobeba Sauti

Katika simu ya intaneti hakuna njia iliyotengwa. Sauti hukatwa katika vipande vidogo, kwa kawaida vya milisekunde 20, na kila kipande hufungwa katika pakiti yenye anwani. Pakiti 50 huondoka kila sekunde, kila moja ikisafiri pamoja na pakiti za picha, video na barua za watu wengine. Mtandao ukijaa, hakuna anayekataliwa: wote huendelea, lakini pakiti za wote huchelewa au hutupwa.

Gharama ya kufunga pakiti si ndogo. Kipande cha milisekunde 20 katika kiwango cha G.711 kina baiti 160, na anwani pamoja na maelezo yake huongeza baiti 40. Kilobiti 64 za sauti hugeuka kuwa kilobiti 80 kwa sekunde. Kwa kodeki inayobana sauti zaidi, kama G.729 inayotumia kilobiti 8 tu, kipande kilekile kina baiti 20 za sauti na baiti 40 za anwani. Yaani bahasha inakuwa na uzito mara mbili ya barua iliyomo, na mahitaji hupanda hadi kilobiti 24 kwa sekunde.

Faida ya mfumo huu ni kwamba haufungwi na wembamba wa simu ya zamani. Kiwango cha G.722, kilichopitishwa mwaka 1988, hubeba sauti kuanzia Hz 50 hadi Hz 7,000. Kodeki ya Opus, iliyosanifiwa mwaka 2012, huweza kufanya kazi kuanzia kilobiti 6 hadi 510 kwa sekunde na kubadilika kadiri mtandao unavyobadilika. Intaneti inapokuwa tulivu, sauti ya mzungumzaji husikika kwa ukamilifu ambao simu ya mezani haikuwahi kuufikia.

Sharti moja halina budi kutajwa. Upana huo hupatikana tu pale ambapo njia nzima, kutoka mdomo hadi sikio, inaubeba. Simu inayoanzia katika programu ya intaneti na kuishia katika simu ya mezani hupunguzwa hadi Hz 3,400 njiani, na kilichokatwa hakirudishwi.

Dhidi ya faida hiyo kuna matatizo matatu: kuchelewa kwa pakiti, kubadilikabadilika kwa muda wa kufika kwake, na kupotea kwake. Ili kukabili tatizo la pili, programu huzikusanya pakiti katika bafa na kuzisubirisha kidogo kabla ya kuzicheza kwa mpangilio. Bafa kubwa hupunguza mikatiko lakini huongeza kuchelewa. Bafa ndogo hufanya kinyume chake. Kwa pakiti iliyopotea, programu huziba pengo kwa kukisia, mara nyingi kwa kurefusha au kurudia sauti iliyotangulia.

4.0 Sita na Tisa: Jinsi Kila Mfumo Unavyoharibu Maana

Tofauti zilizoelezwa hapo juu zinaweza kuonekana kuwa za mitambo tu mpaka zipimwe kwa maneno ya lugha. Kiswahili kina jozi ya namba inayofaa sana kwa kazi hii: sita na tisa, pamoja na sitini na tisini. Maneno sita na tisa yana irabu zilezile kwa mpangilio uleule, idadi sawa ya silabi, na mkazo katika silabi ileile ya kwanza. Hata konsonanti zake ni zilezile mbili. Kilichobadilika ni nafasi zake. Msikilizaji asiyesikia konsonanti vizuri habakiwi na kitu cha kutofautisha.

Konsonanti hizo mbili zina tabia tofauti kabisa. Sauti /s/ ni mkwaruzo mrefu ambao nguvu yake kubwa iko juu ya Hz 4,000. Sauti /t/ ni ukimya mfupi unaofuatwa na mpasuko wa milisekunde chache. Kwa lugha nyepesi, /s/ hutambulika kwa masafa yake ya juu, na /t/ hutambulika kwa muda na ghafla yake.

Simu ya mezani, kwa kuishia Hz 3,400, hukata sehemu kubwa ya /s/. Kinachobaki ni mkwaruzo hafifu ambao mivumo ya waya mbovu huweza kuufunika. Mpasuko wa /t/ hupungua nguvu, lakini ukimya unaoutangulia na ghafla yake hubaki mahali pake kwa sababu mfululizo wa sauti haukatiki. Kwa hiyo, mhanga mkuu wa simu ya mezani ni /s/. Ndiyo sababu pia jozi kama thamani na samani, au faa na saa, hutatiza katika simu hiyo: tofauti yake imo katika masafa yaliyokatwa.

Simu ya intaneti yenye kodeki pana hubeba /s/ vizuri. Pakiti moja ikipotea katikati ya mkwaruzo mrefu, programu huziba pengo kwa mkwaruzo uliotangulia na msikilizaji hatambui. Lakini mpasuko wote wa /t/ unaweza kuwamo ndani ya pakiti moja. Pakiti hiyo ikipotea, ghafla hutoweka, na mahali pake huwekwa mwendelezo wa kilichotangulia. Mhanga mkuu hapa ni /t/.

Mifumo hii miwili, basi, hushambulia jozi ileile kutoka pande mbili zinazopingana. Matokeo kwa mtumiaji yanaweza kufanana: mkulima wa Handeni anayeuliza bei ya gunia la mahindi husikia elfu tisini badala ya elfu sitini, msafiri husubiri basi la saa tisa ambalo lilipita saa sita, anayeelekezwa kipimo cha dawa huandika namba isiyo yake. Tiba, hata hivyo, ni tofauti. Katika simu ya mezani, kusema kwa sauti kubwa zaidi husaidia, kwa kuwa huinua /s/ juu ya mivumo. Katika simu ya intaneti, sauti kubwa hairudishi pakiti iliyopotea. Kinachosaidia ni kurudia, na hasa kurudia kwa maneno mengine. Kusema “tisa, yaani kumi kasoro moja” humpa msikilizaji nafasi ya pili ambayo haitegemei konsonanti ileile. Kiswahili cha zamani kilikuwa na neno kenda kwa tisa, na neno hilo lisingeweza kuchanganywa na sita katika mfumo wowote kati ya hii miwili.

Jambo la toni linastahili maelezo mafupi, kwa kuwa Kizigua, lugha ya asili ya wenyeji wengi wa Handeni, ni lugha ya toni. Mtu anaweza kudhani kwamba simu inayoanzia Hz 300 hupoteza toni, kwa sababu mtetemo wa msingi wa sauti ya mwanamume mtu mzima huwa takribani Hz 100 hadi 150. Haiko hivyo. Sikio la binadamu hukadiria kimo cha sauti kutokana na mpangilio wa mitetemo ya juu, hata mtetemo wa msingi unapokosekana. Wembamba wa simu ya mezani haumzuii Mzigua kusikia toni ya lugha yake. Konsonanti ndizo zinazoathirika.

5.0 Kuchelewa kwa Sauti na Adabu ya Mazungumzo

Pendekezo la G.114 la ITU linaeleza kwamba sauti ikichelewa chini ya milisekunde 150 kutoka mdomo hadi sikio, mazungumzo mengi hayaathiriki, na kwamba mitandao isipangwe ipitishe milisekunde 400. Setilaiti iliyo katika kimo cha takribani kilomita 35,786 hutumia zaidi ya milisekunde 230 kupandisha na kushusha sauti mara moja tu. Simu ya intaneti iliyopita setilaiti ilikuwa imevuka kikomo cha kwanza kabla ya kuhesabu kitu kingine chochote. Katika mkongo, kwa upande mwingine, kila kilomita 1,000 hugharimu takribani milisekunde 5. Hii ndiyo maana ya mwaka 2009 katika historia ya sauti nchini.

Mkongo haukumaliza tatizo lote. Seva inayopokea na kupeleka pakiti ikiwa ng'ambo, mazungumzo ya Handeni na Korogwe huweza kuvuka bahari na kurudi. Safari ya kilomita 10,000 kwenda na nyingine kama hiyo kurudi ni milisekunde 100, kabla ya kuongeza muda wa kufunga pakiti, kupita katika mnara na kusubiri katika bafa. Ndiyo sababu kituo cha kubadilishana trafiki kilichopo Dar es Salaam, TIX, kina umuhimu kwa sauti: husaidia pakiti za ndani zibaki ndani.

Athari ya kuchelewa huonekana mapema kuliko watu wanavyodhani, yaani katika salamu. Mazungumzo ya Kiswahili huanza kwa mfululizo wa maamkizi na majibu yanayofuatana kwa haraka. Kijana anaposema “shikamoo”, “marahaba” hutarajiwa papo hapo. Jibu likichelewa, kijana hudhani hakusikika na hurudia. Wakati huohuo “marahaba” ya kwanza inafika, na sauti mbili zinagongana. Mzee kwa upande wake husikia kijana akimkatiza. Hakuna neno lililopotea, kila konsonanti imefika, lakini adabu imevurugika. Alama ya ubora inayozingatia usafi wa sauti peke yake haiwezi kuliona kosa hili.

6.0 Kiungo cha Mwisho katika Kwamsisi Mbili

Katika kata zote mbili, pakiti nyingi za sauti husafiri kwa redio kati ya simu ya mtumiaji na mnara kabla ya kuingia katika mkongo. Mkongo wa taifa unaweza kuwa na nafasi tele, lakini sauti haiwezi kuwa bora kuliko kiungo dhaifu zaidi katika njia yake.

Katika mji wa Korogwe, tatizo la kawaida la kiungo hiki ni msongamano: watumiaji wengi chini ya mnara mmoja hugawana uwezo uleule, hasa saa za jioni. Dalili yake ni kubadilikabadilika kwa muda wa kufika pakiti, na sauti huenda vizuri kisha hukwama. Katika kata ya vijijini, tatizo la kawaida ni umbali na vizuizi vya ardhi. Mawimbi yakiwa hafifu, pakiti hupotea kwa mafungu, na kuziba pengo hushindikana kwa sababu hakuna sauti ya karibu ya kukisia. Katika hali hiyo simu ya kawaida ya mkononi, ambayo katika mitandao ya kizazi cha pili bado hutengewa njia yake kama simu ya mezani, huweza kusikika vizuri kuliko programu ya intaneti yenye kodeki bora zaidi.

Suala la umeme lina nafasi yake hapa. Simu ya mezani ilitegemea betri za kituo. Simu ya intaneti hutegemea chaji ya simu, umeme wa mnara na vifaa vya katikati. Mawasiliano ya dharura hayawezi kutathminiwa bila kuhesabu mnyororo huo.

7.0 Mapendekezo kwa Upimaji

Kipimo kinachotumika sana ni wastani wa maoni ya wasikilizaji, kuanzia 1 (mbaya) hadi 5 (bora sana), kama ulivyoelezwa katika pendekezo la P.800. Kwa makadirio ya kihesabu hutumika modeli ya G.107, ambayo kwa simu ya mezani isiyo na kasoro hutoa alama ya takribani 93, sawa na wastani wa maoni wa 4.4. Kwa sauti pana, modeli ya G.107.1 hurefusha kipimo hadi 129. Mtafiti hana budi kutaja ni kipimo kipi alichotumia, kwa kuwa alama ya 4 iliyotolewa na wasikilizaji wa sauti nyembamba pekee hailingani na alama ya 4 ya waliokwishasikia sauti pana.

Aidha, maoni kuhusu uzuri wa sauti hayapimi kueleweka kwa neno mojamoja. Inapendekezwa kwamba utafiti katika mazingira kama ya Kwamsisi uambatanishe alama za maoni na jaribio la maneno ya Kiswahili yanayotofautiana kwa konsonanti: sita na tisa, sitini na tisini, thamani na samani. Maneno hayo yawekwe katika sentensi zisizomsaidia msikilizaji kukisia, na makosa yahesabiwe kwa kila konsonanti. Vipimo vichukuliwe asubuhi na jioni, wakati wa masika na wa kiangazi, na mazungumzo ya watu wawili yarekodiwe kwa ridhaa yao ili migongano ya zamu ihesabiwe.

8.0 Hitimisho

Makala yameonesha kwamba simu ya mezani na simu ya intaneti hazitofautiani kwa wingi wa ubora tu bali kwa aina ya makosa. Ya kwanza huahidi kidogo na kutimiza ilichoahidi. Ya pili huweza kutoa zaidi, lakini ahadi yake hutegemea mnara, mkongo, seva na saa ya siku. Kwa mtumiaji wa Kwamsisi ya Handeni, ambaye waya wa shaba haukumlenga, suala la kurudi nyuma halipo. Lililopo ni kuhakikisha kwamba anapotajiwa sita, anasikia sita. Mtoa huduma, msimamizi wa sekta na mtafiti wanaweza kulipima jambo hilo, mradi wakubali kwamba kipimo chake kiko katika maneno ya mtumiaji mwenyewe, na si katika kasi ya intaneti iliyoandikwa kwenye tangazo.